Kwa nini kuzidisha kidogo kunaudhi na kuzidisha sana kunachekesha?

katindo_teatre (Goma)

Bandugu salama. Niko na swali inanisumbua tangu tulicheza mchezo yetu kwa sale (ukumbi) ya paroki hapa Katindo, na mu grupu yetu hakuna mwenye ananijibu vizuri, kila mtu anasema tu "watu wanapendaka hivyo" na kuishia pale.

Miye njo naandikaka ile michezo. Mu hii ya mwisho kuko mtu anaitwa Papa Matanga, kazi yake ni kutafuta kilio iko wapi, marehemu hamujui, familia haijui, anaingia analia kuliko mjane kisha anakula. Mara ya kwanza nilimuandika vile watu wa kweli wanafanyaka: anachukua sahani mbili, anaficha nyama mu mfuko ya koti, anatoka polepole. Sale ikanyamaza. Kuko mama mumoja mzee wa kwartie akasema kwa sauti kwamba hii ni kukosea wafu heshima, na alikuwa amekasirika kabisa.

Kisha tukabadilisha. Sasa Papa Matanga anafika na godoro kichwani. Nyuma yake bibi, watoto, na mbuzi. Anauliza mjane hii sombe mumeitia mawese ya wapi. Anamaliza sahani, anamaliza sufuria, anaomba wafungue ile sufuria ingine yenye wameficha chini ya kitanda ya marehemu, na marehemu akiwa bado juu ya kitanda anamuambia "samahani papa, sogea kidogo". Mwishoni anatoa kalamu na kitabu, anauliza familia kwa upole sana: "Na humu ndani nani mwingine anakohoa? Juu wiki ijayo niko na kilio Ndosho, musinichanganyie programu." Watu walianguka na kicheko. Na yule yule mama mzee njo alianza kucheka wa kwanza, anashika mbavu.

Sasa munielezee. Hii ya pili inakosea marehemu heshima mara mia kupita ya kwanza, hata mwili tumeusogeza! Kwa nini ya kidogo iliudhi na ya kupita kiasi ikachekesha?

Na kabla mutu aniambie "basi zidisha tu", hapana. Kuko sehemu ingine askari anapiga mama muuza ndizi kofi. Tulizidisha vile vile: makofi mengi, beseni inaanguka, ndizi zinakanyagwa, anaenda anarudi anapiga tena. Hakuna mwenye alicheka. Kuko wenye walisimama wakatoka. Kwa hiyo kuko kitu ingine, njo ile natafuta.

mwalimu_kadutu (Bukavu)

Swali nzuri sana hii, na watu wenye akili wamelisumbukia tangu zamani. Mi nafundisha Kifaransa sekondari, kila mwaka nafika kwa Rabelais, mwandishi Mfaransa wa zamani, na kila mwaka wanafunzi wananishangaza mahali palepale.

Rabelais alikuwa mumonaki, kisha akakuwa daktari, na mwaka 1532 akatoa Pantagruel, kisha Gargantua karibu 1534, hakuweka jina lake, alichanganya herufi zake zikawa Alcofribas Nasier. Mabwana wa Sorbonne, ile chuo ya Paris, walihukumu vitabu vyake. Mule ndani Gargantua, mtoto jitu, anazaliwa, na juu ya kumunyonyesha wanatafuta ng'ombe 17.913. Akikuwa mkubwa anafika Paris, watu wanamusumbua na kumushangaa, anakaa juu ya kanisa ya Notre-Dame anawakojolea wote, wanazama watu 260.418, "bila kuhesabu wanawake na watoto wadogo".

Nikisoma pale kwa mkojo darasa linakunja uso, wasichana wanasema "eeh mwalimu". Nikifika kwa hesabu wanacheka wote. Na kila mara kicheko kinatokea kwa wale kumi na wanane wa mwisho. Angesema "watu wengi" ingebaki uchafu tu. Angesema laki mbili na nusu ingekuwa habari ya kuhuzunisha. Lakini 260.418, nani alikuwa pale chini anahesabu? Pale msikilizaji anajua kwa hakika kwamba hakuna mtu hata mumoja mwenye amekufa, na moyo unamuachilia.

Njo tofauti ya Papa Matanga wako wawili. Sahani mbili na nyama mfukoni ni mashtaka. Mu ile sale kila mtu alikuwa na mjomba mwenye anafanyaka vile, na pengine mjomba alikuwa amekaa pale pale kwa benchi ya tatu. Yule mama alifikiri munasema mtu fulani, kwa kilio fulani, pengine kilio ya kwake. Lakini mtu wa godoro na mbuzi hayuko jirani ya mtu yeyote. Bergson, Mfaransa mwenye aliandika juu ya kicheko mwaka 1900, anasema juu tucheke lazima moyo upoteze hisia kwa muda kidogo. Kwa sahani mbili moyo wa yule mama ulikuwa macho kabisa. Godoro ndiyo ilimulaza.

Kitu ya pili, na hii naomba uishike sana: sauti. Mwaka 1729 kule Ireland watu wanakufa na njaa, mwandishi Swift anaandika karatasi moja anapendekeza maskini wauze watoto wao wa mwaka mumoja wakuwe nyama ya matajiri. Hakuna kitu ya kuchukiza kupita hii. Lakini anaongea na sauti ya mtu wa ofisi anasoma ripoti: kuko watoto 120.000, tuache 20.000 wa kuendeleza uzazi, wale 100.000 wauzwe, na hapa njia za kuwapika. Hapandishi sauti hata mara moja. Angelia au angepiga kelele kitabu kingekufa, na hasira yake kwa wale wenye walikuwa wanakula Ireland ilikuwa ya kweli kabisa. Papa Matanga wako pale anatoa kalamu ya kuandika nani anakohoa anafanya vile vile, anaua kila kitu na adabu. Ile kalamu usiiguse.

kijana_birere (Goma)

Mi nilikuwa mu ile sale! Kwangu ilikuwa ile "samahani papa, sogea kidogo". Kumuomba maiti ruhusa. Angemusukuma tu mi singecheka, naona hata ningekasirika.

Kuko filme ya Waingereza ya 1983, ya wale wachekeshaji Monty Python, mtu mnene anakula mu restora na kutapika kila mahali mpaka unataka kufunga macho, ni chafu bandugu, chafu sana, lakini garsoni anaendelea kumuhudumia na heshima yote, anamuletea kapipi kamoja kadogo kembamba ka mwisho, na ule mtu anapasuka. Mi naangaliaka garsoni tu. Bila yeye ni matapishi.

mwana_katuba (Lubumbashi)

Mwalimu amesema muzuri lakini anaenda mbali kutafuta Bafaransa na Baingereza na jibu ya ule mama iko hapa kwetu. Unaniuliza juu ya nini alicheka mbele ya maiti? Juu mu kilio njo fasi ya zamani ya kutukana, na bazee babilijua mbele ya kitabu yoyote.

Kwetu Babemba kuko bunungwe. Clan (koo) zinapatana mbili mbili, sawa bale ba ng'wena na bale ba samaki, juu ng'wena inakula samaki. Munungwe wako anaweza kukutukana mbele ya bantu bote na weye hauna ruhusa ya kukasirika, ukikasirika njo weye unapata haya. Na fasi yenye anafanya kazi yake muzuri kupita zote ni mu kilio. Bale ba familia banalia, munungwe anafika anacheka, anaigiza marehemu vile alikuwa anatembea, anasema mumuzike mbiyo alikuwa na deni yangu, anaomba byakula, na ni yeye tena anasaidia kuzika. Bale bantu hawana bazimu. Banafanya kazi. Mutu mwenye amelia siku nzima anacheka mara moja na anapata nguvu ya kula kidogo. Batanzania nabo biko nayo, banaita utani.

Kwa hiyo Papa Matanga na godoro, ule mama alimujua. Alimuona munungwe anaingia. Na Papa Matanga wa nyama mu mfuko alimuona mwizi, juu mwizi anajificha, munungwe hajificha. Njo kitu mwalimu hajasema: mu ile ya kwanza mutu wako anaficha, mu ya pili anafanya mbele ya bantu bote na mbuzi yake. Kufanya wazi njo kunaleta ruhusa.

Tena, bale bacheza teatre ba mu Kiswahili hapa L'shi banajua hii kitambo. Troupe ya Mufwankolo balichekesha hii muji mu radio na mu televizio miaka mingi. Mu 1986 mwalimu mumoja wa mambo ya bantu, Fabian, alifanya nabo kazi juu ya neno moja banasemaka hapa, le pouvoir se mange entier, bukubwa bunaliwa buzima buzima, haugawanye. Batoka pale bakatunga mchezo muzima mu Kiswahili, na Fabian akaandika kitabu, ikatoka 1990. Mi naona weye uko na mutu mwenye anakula, na unamuacha anakula sombe ya mujane peke yake. Umupandishe. Umupe kiti. Siku Papa Matanga anakuwa shefu wa kwartie njo tutaona anakula nini.

dada_nyawera (Bukavu)

Wote munazunguka ile sehemu ya askari na hakuna mwenye anaigusa, na mi naona ile njo swali ya kweli.

Kuko waalimu wawili wa Marekani, McGraw na Warren, mu 2010 walitoa utafiti juu ya mambo ya aibu na machukizo yenye yanachekesha. Wanasema lazima vitu viwili vikutane kichwani saa ile ile: kitu kinavunja sheria ya vile dunia inapaswa kuwa, na saa ile ile unakiona hakina madhara. Kikikosa ya kwanza unapata uchovu. Kikikosa ya pili unapata woga ao hasira. Aristotle naye zamani alisema kinachochekesha ni ubaya wenye hauleti maumivu.

Sasa uangalie ile kofi. Ni nani mu ile sale hajaona kofi? Mama gani wa Birere, wa Kadutu, wa soko yoyote yetu, hajapokonywa beseni? Ukiongeza makofi kumi hauzidishi kitu, unakumbusha. Godoro na mbuzi mu kilio hakuna mwenye aliona, lakini kofi kumi watu waliziona na wengine walizipata, na wale wenye walitoka mi nawaelewa kabisa, hata mi ningetoka.

Wakati nayo inafanya kazi yake. Wale wale wa Marekani waliangalia utani wa Twitter juu ya ile tufani Sandy ya 2012. Wiki mbili hivi kisha ya tufani utani haukuchekesha mtu, ukapanda mpaka siku ya 36 hivi, kisha ukashuka tena juu watu walikuwa wameanza kusahau. Kwa hiyo karibu sana kunaumiza, mbali sana kunachosha. Nyinyi wa Goma munajua hii kuliko profesa yeyote. Ile lave ya volkano yetu Nyiragongo ya Januari 2002, leo nasikia watu wanaisimulia na kucheka, mtu alikimbia na mlango ya nyumba akaacha nyumba. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 kuko wenye bado wanatafuta watoto wao ndani ya kichwa kila usiku. Na mambo ya vita mi siguse hata kidogo, haijakuwa mbali, na sijui kama itakuwa siku moja.

Lakini sisemi uondoe askari. Usimuondoe! Uzidishe kitu ingine. Kofi iko kwenye mwili ya mama, ukiiongeza ni mama anaongezewa maumivu. Ongeza yenye iko ndani ya askari: tamaa yake. Wacha amuombe mama papiye (karatasi) ya ndizi. Kila ndizi moja moja. Jina ya baba wa ndizi. Takse ya kivuli juu mama amekaa ndani ya kivuli ya leta (serikali). Hapo kila mtu mu sale ataijua ile tamaa, ataiona inakuwa kubwa mpaka inakuwa upumbavu, na mama muuza ndizi hatapata hata alama moja. Kucheka mwenye anapigwa kuko kwingi mno hapa kwetu, vilema wanachekwa, wanawake wanachekwa, wakimbizi wanachekwa namna wanaongea, na watu wanaita ile komedi. Mi siite vile. Zidisha juu ya mkono wenye unapiga.

mzee_wa_nyiragongo (Goma)

Nasoma nyote na nakubali mengi lakini kuko mahali mwalimu anapotosha huyu kijana. Anaonyesha kama dawa ni kuruka moja kwa moja kwa ng'ombe elfu kumi na saba. Hapana. Nyanya yetu alikuwa anatusimulia Sebgugugu, yule mlafi wa hadithi za Kinyarwanda, na hakuna mwenye alikuwa analala mpaka mwisho.

Sebgugugu ana ng'ombe mumoja anayenyonyesha nyumba nzima. Ndege anaimba juu ya mti kwamba akiua ule ng'ombe atapata mia. Anaua. Mia haikuja. Njaa inaingia, Mungu anamuhurumia anamupa mmea unazaa kila siku chakula ya kutosha. Yeye anasema ngoja niupunguze matawi uzae zaidi, mmea unakauka. Mungu anamuhurumia tena, anamupa jiwe yenye ufa, mule ndani chakula inatoka yenyewe. Yeye anasema huu ufa ni mdogo, analeta chuma anapanua. Jiwe linajifunga.

Angalia vile inapanda. Ile ya ng'ombe watoto hawacheki, wanashangaa tu. Kwa mmea wanaanza kutabasamu. Akishika chuma mbele ya jiwe watoto wote wanapiga kelele "usipanue!", na wanacheka kabla hajafanya, juu wanajua atafanya. Nyanya alikuwa anaacha chuma hewani, anakunywa maji, anatuangalia. Kicheko chote kilikuwa pale mbele ya tendo.

Kwa hiyo Papa Matanga asifike na godoro. Afike na mikono mitupu, na aombe maji. Sahani mbili zako hazikuwa mbaya, zilikosa tu wapi kwenda. Ulisimama kwa ngazi ya kwanza ukashuka. Na mtu wa kuzidi namna hii lazima tamaa yake imurudilie. Yule anayekula tu mpaka mwisho na kwenda zake, watu wanacheka leo, kesho wanauliza "sasa?"

mwalimu_kadutu (Bukavu)

Mzee nakubali kuhusu kupanda, hapo unasema kweli. Ile ya tamaa kumurudilia hapana. Gargantua hakuadhibiwa na tunamucheka karibu miaka 500. Ukitia adhabu kila mara, sale inarudi kwa mahubiri, na watu wanajua namna ya kukaa kwa mahubiri: wananyamaza.

mzee_wa_nyiragongo (Goma)

Gargantua ni jitu. Papa Matanga anaishi Katindo na analipa nyumba. Mtu wa kodi lazima kitu kimupate.

katindo_teatre (Goma)

Aksanti sana bandugu, nimesoma yote kwa wenzangu jana mangaribi na tukabishana mpaka usiku. Mwana wa Katuba, ile ya kuficha na kufanya wazi imefungua macho ya kila mtu, tumeenda kuangalia michezo yetu yote ya zamani na kila mahali mtu anajificha sale inakuwa baridi.

Askari tumemuandika upya, dada, munisomee. Hakuna kofi hata moja. Mama amekaa na beseni.

ASKARI: Mama, jambo. Hizi ndizi ni ngapi?
MAMA: Kumi na tatu, shefu.
ASKARI: Ziko na papiye?
MAMA: Ni ndizi, shefu.
ASKARI: Naona. Naomba papiye zake. Moja moja, usizichanganye. (Anachukua ndizi, anaigeuza.) Hii ilizaliwa wapi?
MAMA: Masisi.
ASKARI: Na ilipita barrière bila kunisalimia? (Anaandika.) Hii imekosa. Inabaki na mimi juu ya ankete. Na hii yenye iko karibu yake ni shahidi. Naye anabaki.

Anaendelea hivyo mpaka anafika ya kumi na mbili, na kila moja anaitafutia kosa yake: hii iko na madoa haikupimwa na daktari, hii imepinda inaonekana inataka kukimbia. Anazibeba kifuani, hawezi kuandika tena, anaomba mama amushikie kalamu. Mama anaandika. Sasa anaomba ya mwisho.

Hapa njo tumekwama. Wamoja wanasema mama amupe ile ya kumi na tatu na zote zianguke, askari ateleze, mzee atafurahi. Wengine tunaona kuteleza kwa ganda la ndizi watu wameona tangu wamezaliwa.

dada_nyawera (Bukavu)

Niliicheka peke yangu mu taxi, "shahidi naye anabaki", watu waliniangalia. Asiteleze. Kalamu iko kwa nani sasa? Kwa mama. Na kitabu?

kijana_birere (Goma)

Mama amuulize papiye zake yeye askari. Na mikono yake imejaa ndizi, hawezi kuzitoa mfukoni.

mwana_katuba (Lubumbashi)

Njo ile!! Na mama amuulize jeto, ile tikiti ya takse ya soko, aseme polepole, na heshima yote: "Shefu, unabeba ndizi kumi na mbili. Uko na jeto ya soko?"

mzee_wa_nyiragongo (Goma)

Na kabla hajamuuliza, afungue kitabu, alambe kidole, atafute ukurasa safi. Asiharakishe pale.